Mbio za Kuelekea Balbu

Mwalimu wa sayansi alivunjika mguu akiwa ndani ya gunia, na hapo ndipo balaa lote lilipoanzia. Zilikuwa mbio za magunia za walimu, siku ya michezo ya shule, na aliyemshawishi kuingia ndani ya gunia hilo ni mwalimu wa michezo, kwa maneno matamu na kumsukuma kidogo mgongoni. Wahenga walisema ukitaka kuruka agana na nyonga. Yule bwana hakuagana na nyonga, wala goti, wala kifundo cha mguu. Aliruka mara mbili kwa heshima zake zote, ya tatu akatua kwenye shimo ambalo shule nzima ililijua isipokuwa yeye, kwa kuwa hakuwahi kukanyaga uwanjani tangu aajiriwe.

Kesho yake mkuu wa shule akamwita mwalimu wa michezo ofisini. Mwalimu huyo wa michezo alikuwa mwanamke wa kifua kipana na sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na filimbi haikumtoka shingoni hata siku za harusi. Wanafunzi walimwita Mwalimu Filimbi. Mume wake pia alimwita hivyo, lakini kwa sauti ya chini na akiwa chumba kingine.

"Mwenzako kalazwa," mkuu alisema bila kuinua macho kwenye karatasi zake.

"Nimesikia, Mkuu. Nimempelekea machungwa."

"Machungwa hayafundishi. Darasa la tano wamefika kwenye umeme. Aliyemvunja mwalimu ndiye atakayemfundishia."

"Mkuu, mimi umeme naujua wa kuwasha na kuzima tu."

"Hiyo ndiyo mada yenyewe."

Mkuu wa shule alikuwa mtu wa hesabu. Alipenda namba kuliko watu, maana namba hazichelewi kufika wala hazina wazazi wa kuja kulalamika. Kwa hiyo, alipoona mwalimu wa michezo amekaa kitini na hatia usoni, aliona pia nafasi ambayo huenda isirudi. Akaiweka kalamu chini. Kile kipindi cha michezo cha darasa la tano, alisema, kile cha Ijumaa, amekifikiria sana. Hesabu za darasa hilo zimeoza. Watoto wanakimbia wee, wanarudi darasani wananuka jasho na hawajui hata saba mara nane.

"Watoto wangu wana akili," Filimbi alisema.

"Wana akili za miguu."

Neno hilo lilimwingia. Kipindi cha Ijumaa ndicho alichokuwa akiamkia wiki nzima, na si kwa ajili ya mpira peke yake. Ndicho kipindi ambacho mtoto aliyeitwa mjinga tangu Jumatatu anapata kupumzika kuwa mjinga. Kulikuwa na kijana mmoja mrefu, wanamwita Mlingoti, ambaye ndani ya darasa alisoma kama anayetafuna kokoto, lakini uwanjani wenzake wote walimsikiliza yeye. Filimbi alikuwa ameliona jambo hilo kwa macho yake, na hakuwa tayari kulibadilishana na saba mara nane.

"Nipe wiki moja," alisema. "Nitawafundisha huo umeme hadi waujue kuliko wewe."

Mkuu akatabasamu. Alijua kwamba mama huyu hawezi kusikia neno la ushindani akalipita bila kulisalimia.

"Sawa. Ijumaa asubuhi nitaleta boksi la vifaa mwenyewe. Wakiiwasha balbu watoto peke yao, wewe bila kugusa kitu wala kufungua mdomo, kipindi chako sikigusi tena maisha. Wasipoiwasha, au ukisema neno, Ijumaa inayofuata ni hesabu."

"Na boksi nalipata lini la kufanyia mazoezi?"

"Hulipati. Balbu imebaki moja, na mimi nakujua wewe na vitu vinavyovunjika."

Wakapeana mikono. Filimbi alitoka mle ofisini kifua mbele, na kifua kikashuka alipofika kwenye ngazi, kwa sababu hapo ndipo alipokumbuka kwamba umeme haujui.

Alimpigia simu mwalimu wa sayansi. Akapokea mke wake.

"Amelala."

"Saa hizi za mchana?"

"Amesema ukipiga wewe, amelala."

Basi akafungua kitabu. Kitabu kilianza vizuri mno. Betri husukuma umeme, kilisema. Umeme hupita ndani ya waya, na unapofika kwenye balbu, balbu huwaka. Filimbi alisoma mpaka hapo, mwisho wa ukurasa, akakifunga kwa kishindo cha furaha. Mtu mzima ameogopa miaka yote hiyo, kumbe umeme ni mbio fupi tu! Kuna wa kuanzisha, kuna njia, kuna wa kufika. Ukurasa uliofuata hakuufunua. Kwa nini aufunue? Mtu akishafika, kafika.

Darasa la tano lilisomea umeme uwanjani, na tangu shule ijengwe hakuna somo lililopendwa kama lile. Mlingoti alikuwa betri. Kazi yake ilikuwa kusimama mwanzo wa njia na kuwasukuma wenzake mgongoni, na aliifanya kwa moyo mmoja. Njia mbili za chokaa ndizo zilikuwa waya. Mtoto mmoja alishika kamba iliyokatiza njia, huyo ni swichi: akiishusha watu wanapita, akiinyanyua hakuna wa kupita. Mwishoni kabisa, kwenye mstari wa kumalizia, alisimama binti mpole aliyewekewa ndoo ya njano kichwani. Huyo alikuwa balbu. Mkimbiaji wa kwanza akimgusa, alipaswa kupiga kelele, "Nawaka!" Siku ya kwanza alinong'ona. Kufikia Jumatano alikuwa anawaka mpaka majirani wanachungulia.

Wengine wote walikuwa umeme, na umeme ulikimbia kama umetumwa dawa.

"Mwalimu, na umeme wa kule ukutani?" aliuliza mmoja, akihema.

"Ule haukimbizani na watoto. Wa betri ndogo ni rafiki yako, unacheza nao. Wa ukutani haupulizi filimbi kabla ya kukuangusha. Usiuguse, usiuchokoe kwa msumari, usimtume mdogo wako akauchokoe. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Mwalimu!"

Hilo alilijua, na alilifundisha sawasawa. Lingine ndilo lililomponza.

Alikuwepo binti aliyeitwa Domo. Mdomo wake haukuwa na breki; alizaliwa akiuliza. Kila mtu shuleni alimfahamu kwa sura ya kukimbia, kwa sababu adhabu ya Mwalimu Filimbi ilikuwa moja tu, kuzunguka uwanja, na aliyeipata kuliko wote ni Domo. Miguu yake ilikuwa imekomaa kwa majibu ya mdomo wake. Siku moja ya wiki hiyo alisimama kwenye mstari wa kumalizia, akawatazama wenzake waliokwishafika wakiwa wamejilaza kwenye majani.

"Mwalimu, hawa wakishafika kwa balbu wanakwenda wapi?"

"Wanapumzika."

"Sasa betri haiishiwi na watu wa kusukuma?"

Filimbi alifungua kinywa ajibu, akakuta hakuna kitu ndani. Walimu wengi wamewahi kufika mahali hapo, na wachache sana wametoka kwa heshima.

"Domo," alisema, "zunguka uwanja."

Domo akazunguka uwanja.

Ijumaa ikafika. Mkuu wa shule aliingia darasani amelibeba boksi kifuani kama mtu aliyebeba mayai ya jirani. Akaviweka vitu mezani kimoja kimoja: betri moja ya tochi, ile nene, balbu ndogo yenye shingo ya chuma, vipande viwili vya waya vilivyomenywa ncha, na utepe wa gundi. Kisha akavuta kiti, akakaa, akakunja nne.

Filimbi alikaa kwenye kona. Filimbi yake ameing'ata kwa meno, hapulizi, ameiweka tu mdomoni izibe njia.

Watoto waliizunguka meza. Hawakuogopa hata kidogo. Mlingoti aliisimamisha betri wima. Waya ya kwanza wakaibandika kwenye kile kichwa cha betri kilichochomoza. Waya ya pili wakaibandika papo hapo, kando ya mwenzake, kwa sababu walijua kutoka uwanjani kwamba njia mbili zinafikisha watu wengi kuliko moja. Ncha zote mbili za upande wa pili wakazigusisha kitako cha balbu.

"Jiandae," alisema Mlingoti. "Nenda!"

Balbu haikuwaka.

"Waya zimepinda," mmoja alisema. "Kona zinapunguza mwendo." Wakazinyoosha. Giza. Mwingine akasema njia ni ndefu, umeme unachoka kabla haujafika. Wakaisogeza balbu karibu kabisa na betri. Giza lile lile. Binti wa ndoo akaikumbuka kanuni ya kwanza ya Mwalimu Filimbi, kwamba asiyepasha misuli asikimbie, na darasa zima likaona hapo ndipo tatizo lilipo. Wakaing'oa betri, wakaipasha misuli. Waliiviringisha viganjani, wakaisugua, wakaipigia makofi ya kuitia moyo, wakairudisha mahali pake ikiwa na joto na sifa nyingi.

Giza.

Kwenye kona Filimbi alikuwa akitokwa na jasho. Laiti angeliijua shida ilipo, pengine angelikonyeza, angelikohoa, angelianguka kitini kwa kuelekea upande wenye jibu. Hakuijua. Alikuwa gizani kuliko balbu.

Ndipo watoto wakaanza kutafutana makosa. Aliyebandika waya akaambiwa mikono yake imelegea. Mlingoti akaambiwa alikuwa betri mbovu tangu uwanjani, anasukuma watu kama anapapasa. Binti wa ndoo midomo ikaanza kumcheza. Mkuu wa shule alitazama saa yake, akapumua kwa raha, kisha akasema neno ambalo angeweza kabisa kulimeza.

"Nilimwambia mwalimu wenu. Akili za miguu."

Filimbi alimwona Mlingoti akiirudisha mikono yake nyuma ya mgongo na kuinamisha kichwa, na uso wake ukawa ule wa Jumatatu, uso wa mtoto aliyezoea kuambiwa. Uso huo Filimbi alikuwa akiufukuza uwanjani mwaka mzima, na leo yeye ndiye aliyeuleta. Ilimuuma kuliko alivyotarajia. Akaitoa filimbi mdomoni.

"Mkuu, kosa ni langu."

"Umefungua mdomo, Mwalimu."

"Nimeufungua, na sijamaliza." Akasimama. "Watoto, nisikilizeni. Mimi umeme siujui. Nilisoma nusu, nikaelewa robo, nikawapa nyinyi kwa kelele ili ionekane nzima. Mmefanya kila kitu kama nilivyowaambia, ndiyo maana haiwaki. Msilaumiane. Na msinitazame mimi tena, fikirini wenyewe."

Watoto walimtazama kwa mdomo wazi. Hawakuwa wamewahi kumsikia mtu mzima akisema hajui, na wengi wao walidhani ni kitu kisichowezekana kimaumbile.

"Basi mchezo umeisha," mkuu alisema, akanyoosha mkono kuchukua boksi.

Domo akaliwekea kiganja juu. "Mchezo umeisha, Mkuu. Na masomo je?"

Huwezi kumjibu mtoto swali kama hilo ukiwa mkuu wa shule. Mkono wa mkuu ulibaki hewani muda kidogo, kisha ukarudi kwake.

"Mimi nilimuuliza Mwalimu," Domo aliwaambia wenzake, "wakifika kwa balbu wanakwenda wapi. Akaniambia zunguka uwanja. Mimi nikidhani adhabu, kumbe lilikuwa jibu."

"Jibu gani?" Mlingoti aliuliza.

"Sisi tumeukimbiza kama mbio fupi. Una mwanzo, una mwisho, umefika, umelala kwenye majani. Lakini wakilala wote pale, nyuma yao wanajazana, hakuna anayepita tena. Wanakwama hata kabla ya kuanza! Mimi nikizunguka uwanja silali popote. Natoka hapa, napita kule, narudi hapa hapa, Mwalimu ananisukuma tena. Umeme haukimbii mashindano. Umeme unatumikia adhabu."

"Sasa njia ya kurudi iko wapi?"

Wakainamia meza. Njia ya kurudi haikuwepo. Waya zote mbili walizipeleka, hakuna hata moja iliyorudisha. Mlingoti alikuwa wa kwanza kuigeuza betri na kuuona ule upande wa bapa. Akabandua waya moja kichwani, akaibandika pale chini. Ncha ya pili wakaihangaisha. Kwenye kitako cha balbu kulikuwa na mwenzake tayari, na Domo akasema mtu haingii na kutoka kwenye mlango mmoja wakati mlango una foleni. Wakajaribu kioo, wapi. Wakajaribu shingo ya chuma.

Balbu ikawaka.

"Nawaka!" alipiga kelele binti wa ndoo, bila ndoo, bila hata kujua kwamba amesema.

Mlingoti alishtuka, mkono ukamteleza, balbu ikazima. "Usiondoe!" Domo alifoka. "Njia ikikatika mahali pamoja, wote wanasimama, hata walioko mbali!" Mlingoti akairudisha waya, balbu ikawaka. Akaiondoa kwa makusudi, ikazima. Akairudisha tena. Akatazama kidole chake.

"Kumbe swichi ni mimi," alisema polepole. Akaiwasha na kuizima mpaka wenzake wakamsukuma ili na wao wawe swichi.

Mkuu wa shule alikuwa amesimama bila kujitambua. Akasogea, akakohoa.

"Na huo umeme," alisema, "ukishapita kwenye balbu, unarudi mchache?"

"Unatupima, Mkuu, au hujui?" aliuliza Domo.

Domo akamhurumia, akajibu yeye. "Akizunguka mtu mmoja anarudi mtu mmoja. Hapungui. Anachoacha njiani ni jasho. Nadhani balbu inawaka kwa jasho."

Mwalimu Filimbi alicheka mpaka machozi, na si yote yaliyokuwa ya kicheko. Lakini mkuu wa shule alikuwa mtu wa hesabu, na kwenye hesabu jibu sahihi halifuti kanuni. Akavirudisha vitu kwenye boksi, akamgeukia.

"Balbu imewaka, siwezi kukataa. Ila ulifungua mdomo. Makubaliano ni makubaliano."

Watoto wakapiga kelele za kuonewa. Filimbi akawanyamazisha kwa mkono. "Ni kweli," alisema. "Nilifungua." Alilisema kwa kichwa juu, akatoka, akajifungia stoo ya mipira, akalia kidogo. Tusidanganyane, iliuma.

Ijumaa iliyofuata mkuu aliingia darasa la tano kufundisha hesabu yeye mwenyewe, maana hakumwamini mwingine. Filimbi alikwenda uwanjani. Hakuwa na kipindi, lakini miguu ilimpeleka kwa mazoea. Alisimama pale na mpira kwapani, uwanja mtupu, akajiona mjinga kweli kweli.

Mara mlango wa darasa ukafunguka, akatoka Domo.

"Umefanya nini?"

"Nimeuliza swali, Mwalimu. Ukigawa kitu kwa sifuri unapata nini. Mkuu kasema kitu hicho hakipo. Nikamuuliza kama hakipo, mbona tunaambiwa tusikifanye. Kasema nitoke nje."

Kabla hajamaliza, akatoka Mlingoti, anajikongoja kwa aibu ya uongo.

"Na wewe?"

"Nimeuliza lile lile."

Wakatoka wawili. Wakatoka watatu pamoja. Wengine walionekana wamejitahidi. Mmoja alieleza kwamba swali lake la kwanza lilijibiwa vizuri, ikabidi atafute la pili. Wa mwisho alitoka binti wa ndoo, ambaye hajawahi kutolewa nje tangu azaliwe, akitembea kama bibi harusi.

"Ndani kabaki nani?" Filimbi aliuliza.

"Mkuu," walijibu.

Kweli, dirisha likafunguliwa, na kichwa cha mkuu kikatokeza na chaki juu ya sikio.

"Mwalimu! Hao watoto nimewaadhibu!"

Wajibu wake Filimbi aliujua. Alipaswa kuwapanga mstari, kuwakemea na kuwarudisha ndani mmoja mmoja. Aliutafakari wajibu huo kwa muda unaotosha kumeza mate.

"Naona, Mkuu," alijibu, akauweka mpira katikati ya uwanja. "Waache waadhibike."